Nyota Kumi na Moja za Faruk

Usiku ule wa Julai, makombora yalipokuwa yakianguka upande wa Kinanira, vilimani kusini mwa mji, Kaltum hakufunga mlango wake. Mimi nilifunga wangu kwa makomeo mawili, nikasogeza kabati nyuma yake, nikawalaza watoto wangu sakafuni, mbali na dirisha. Kati ya chumba changu na chake pana ukuta mmoja tu wa matofali ya udongo, na nilisikia kila kitu: redio ikinong'ona, maji yakimiminwa birikani, yakimwagwa, kisha yakimiminwa tena.

"Mama Faruk," niliita ukutani. "Umefunga?"

"Apana."

"Funga, dada yangu. Saa ya kuvrefe, ya kukataza watu kutembea, imepita, hakuna mutu wa heri njiani. Wabaya wakiingia je?"

"Na Faruk akikuja aingilie wapi, Mama Ilias? Kwa dirisha, kama muizi?"

Faruk alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa magari. Mchana ule alikuwa amepanda Kinanira kutengeneza gari la mteja, na milio ikaanza kabla hajarudi.

Tulikuwa tunasubiri sauti moja. Mwaka uliotangulia Kaltum alikuwa ameupaka mlango wake rangi ya kijani, rangi nzuri ya kung'aa, na Faruk akauchafua siku ile ile kwa mikono yenye mafuta meusi ya garaji. Mama yake alimtukana mpaka majirani tukatoka nje kucheka. Tangu hapo Faruk hakuugusa tena kwa mkono. Alikuwa anatoa spana mfukoni, ile namba kumi na tatu ambayo mafundi wetu wa Buyenzi wanaiita treize, anagonga kwa chuma: ngo, halafu haraka, ngo-ngo. Rangi ilibanduka pale pale alipozoea kugonga, vitundu vidogo kama makovu ya ndui. Kuhusu vitundu hivyo mama yake hakusema neno hata siku moja.

Kukakucha. Sauti haikuja. Haikuja kesho yake, wala siku watu walipoanza kushuka kutoka vilima vya kusini na magodoro kichwani. Shemeji yake Kaltum, Yahaya, aliuliza hospitalini, akauliza kwa wanajeshi, akauliza kwa watu waliokuwa wakizika. Hakuna aliyemwona. Kaltum hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayelia unajua amefika wapi.

Waliomjua baada ya Julai ile hawakumjua. Kaltum alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa akianza kucheka kabla hajasema neno la kuchekesha, na ukishasikia kicheko chake huna haja ya neno lenyewe. Baba yake alikuwa fundi cherehani hapa hapa Buyenzi, na yeye alikulia chini ya meza ya baba, akichezea vipande vya nguo. Alisoma kidogo kama mimi. Akauza vitenge sokoni. Akaolewa na dereva wa malori ya barabara ya Rumonge, akazaa watoto watatu ambao hawakufikisha mwaka, kisha akamzaa Faruk, naye akaishi. Mumewe aliuawa barabarani katika vita hivi hivi, lori lake likachomwa na mzigo wake. Baada ya hapo alibaki na mtoto mmoja na mlango mmoja, na vyote viwili alivisugua mpaka vikang'aa.

Kazi aliyoifanya mwishoni ilitoka kwa Tamim. Tamim ni wa ukoo wa Waarabu wenye maduka ya nguo tangu babu zao, na Kaltum alikuwa akinunua vitenge kwake kwa jumla. Biashara ya nguo ilipodorora, Tamim alikwenda Dubai akarudi na wazo. Alichukua hangari ya kahawa, ghala kubwa lililokuwa tupu kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, akaandika juu ya lango: BUSTANI YA NYOTA. Ndani hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na bembea za minyororo zinazozunguka, vigari vya kugongana, na treni ndogo ya watoto. Mashine zilikuja ndani ya masanduku, nusu ya bolti hazimo, na waliozifunga walikuwa Faruk na wenzake wa garaji, kwa bolti za malori.

Lakini fahari ya Tamim haikuwa bembea. Ilikuwa kadi. Kaltum alinisimulia siku aliyofundishwa kazi, akiigiza sauti zote mbili.

"Mama Kaltum, sikiliza," Tamim alimwambia. "Mutu akishika noti mukononi, anaisikia ikitoka. Inamuuma hapa, kifuani. Sasa sisi tunamupa ule uchungu mara moja tu, pale kwa mulango. Akishaingia, pesa haiko tena. Kuko nyota tu ndani ya kadi. Nani analia juu ya nyota?"

"Weye Tamim, ni shetani alikufundisha, ao ni Dubai?"

"Dubai. Shetani mwenyewe tulimukuta kule, ameketi darasani."

Kila kitu kilikuwa kimepangwa hivyo. Kadi ilijazwa nyota ishirini na tano au hamsini, lakini bembea ilikula saba, treni sita, vigari tisa, kwa hiyo karibu kila mtoto alibakiwa na nyota mbili tatu zisizotosha kitu. Kadi yenyewe haikuonyesha kilichobaki. Ukitaka kujua, urudi kwenye kibanda cha Kaltum, na kibanda kilikuwa mlangoni pa kutokea, na kufika hapo lazima umpitishe mtoto mbele ya pipi na maputo. Nyota hazikurudishwa pesa. Na ukigusisha kadi kwenye kisanduku cha mchezo, maandishi mekundu yalikuwa yakikimbia juu yake: KARIBU TENA, halafu jina lako, na kinanda kidogo kikiimba. Watoto waliwavuta baba zao kwa mikono miwili ili tu waone majina yao yakiwaka.

"Mama, hii kadi yangu imebaki na nyota tatu," baba mmoja alimlalamikia Kaltum mbele yangu. "Sasa nizipeleke wapi?"

"Zipeleke mbinguni, baba, wenzao wako kule. Ao ongeza zingine hapa, zisisikie upweke."

Mtu yule alicheka, akaongeza. Nilimwangalia akitoa noti nyingine mfukoni na sikumwelewa, mpaka nilipowaangalia watoto wake. Mwaka ule wote watoto wetu walikuwa wanalala na viatu miguuni. Kuta za hangari ile zilikuwa nene, muziki ulikuwa mkubwa, na kwa muda wa bembea moja hukusikia milio ya vilimani. Mimi watoto wangu wakicheka sana huwa naogopa. Lakini niliwapeleka.

Kadi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Faruk. Tamim alimwandikia ili ajaribu mashine, kisha akamwachia kama asante. Kila Jumapili alikuwa akipita pale, amenawa, amevaa shati jeupe. Mama yake alifikiri anakuja kumwona yeye.

Baada ya mapigano hangari ilifunguliwa tena, na Kaltum alikuwa wa kwanza kurudi kazini. Niliona ni vizuri, angalau atakuwa na watu. Kumbe hakurudi kwa ajili ya watu. Ndani ya kompyuta ya kibanda majina yote yalikuwa yamehifadhiwa, kila jina na nyota zake na siku lilipotumika mwisho, na jina la juu kabisa lilikuwa Faruk. Nyota kumi na moja. Alikuwa amezitumia mwisho Jumapili moja kabla ya vita kushuka mjini. Kila asubuhi, kabla hajaweka kanga yake kwenye kiti, Kaltum alikuwa anawasha mashine, analitazama jina lile, ndipo anafungua dirisha la kibanda.

Kulikuwa na sharti moja zaidi la Tamim, limeandikwa nyuma ya kila kadi. Kadi isipoguswa mwaka mzima, mashine inazila nyota zilizobaki na kulifuta jina. Ilikuwa njia ya kuwafanya watu warudi.

Miezi ikaenda. Jioni Kaltum alikuwa anakula peke yake mlango ukiwa wazi, na usiku hakutia komeo, hata risasi zikilia karibu. Nilimpelekea uji, nilimpelekea maneno, alivipokea vyote kwa adabu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikiweka sikio ukutani nilisikia redio tu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Yahaya alikuja akaketi barazani, nami nikiwapo.

"Shemeji, tusome hitima," alisema. "Sheikh iko tayari. Marehemu naye ana haki yake."

"Marehemu gani?"

"Kaltum."

"Nauliza, Yahaya. Marehemu gani? Ulimuosha? Ulimuzika weye?"

Yahaya alitazama chini. Ni mtu mpole, muuza vipuri, na yeye pia alimpenda kijana yule.

"Basi utangoja mpaka lini?"

"Jina lake liko mu mashine," Kaltum alisema. "Mashine ikimufuta, mutasoma. Isipomufuta, musiniletee sheikh hapa."

"Eh! Sasa tumefika pale? Malaika wa mauti naye anangoja ruhusa ya ordinateri ya Tamim?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, na Kaltum mwenyewe alitabasamu. Lakini hakubadili neno. Habari ikaenea mtaa mzima, na hakuna aliyeshangaa sana. Siku zile kila nyumba iliyopotelewa na mtu ilikuwa na kitu chake cha kushikilia, mwingine ndoto, mwingine mpita njia aliyesema amemwona mtu anayefanana naye kule Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kaltum alikuwa na mashine.

Tamim aliposikia alikwenda kibandani, amefadhaika. "Mama Kaltum, naweza kumuongezea nyota moja tu, mashine ianze kuhesabu mwaka mupya. Ni kitu ya kidole kimoja."

"Apana," alijibu. "Nataka aguse mwenyewe."

Jumapili ya mwisho kabla ya mwaka kutimia alinikamata mkono asubuhi. "Twende wote, Mama Ilias. Lete watoto. Leo sitaki kukaa pale peke yangu." Kwa hiyo nilikuwapo. Niliketi kwenye benchi karibu na kibanda, nikiwahesabu watoto wangu kila mara treni ilipopita.

Mchana hangari ilijaa. Foleni ya baba na mama ilikuwa ndefu mbele ya dirisha la Kaltum. Ghafla niliona amesimama. Alikuwa na kadi ya mtu mkononi, na mkono ule ulibaki hewani.

"Mama, vipi?" aliuliza mwenye kadi. "Imekufa?"

Kaltum hakumsikia. Alikuwa akitazama kioo cha kompyuta. Kisha akageuza kichwa upande wa bembea, nami nikageuza changu, na pale juu ya kisanduku maandishi mekundu yalikuwa yanakimbia, wazi mbele ya watu wote: KARIBU TENA FARUK. KARIBU TENA FARUK.

Alitoka mbio, akaacha kibanda wazi na foleni ikipiga kelele. Nilimfuata. Alipofika kwenye uzio bembea zilikuwa zimekwisha kuanza kuzunguka, zimepanda juu, na viti vilipita mbele yetu haraka, uso baada ya uso. Kaltum alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili akatafuta. Nilimwona akimsoma kila mtu aliyepita. Mtoto. Mtoto. Kijana, na nikahisi mwili wa Kaltum ukiruka, lakini siye. Mwanamke na mtoto wake. Msichana mwenye sweta ya bluu, ameketi peke yake, amefumba macho. Kisha tena, mtoto, mtoto, kijana yule yule. Muda wa bembea ni wimbo mmoja. Sijawahi kusikia wimbo mrefu kama ule.

Ziliposimama watu walishuka wakipepesuka na kucheka. Wa mwisho alikuwa msichana wa sweta ya bluu. Kadi ilikuwa mkononi mwake.

Kaltum aliushika mkono ule. "Iko wapi? Mwenye kadi iko wapi?"

Msichana alimtazama, akatazama kadi, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amemtambua. Faruk na mama yake walifanana pua.

"Mama," alisema. "Mumbabarire, mama. Unisamehe."

Tulimpeleka nyuma ya hangari, kwenye masanduku matupu. Jina lake lilikuwa Candide, wa Kinanira, Mkristo, binti wa mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, Kirundi kikiingia kila alipokwama. Kumbe shati jeupe la kila Jumapili lilikuwa kwa ajili yake. Walikutana hapo hapo kwenye bembea. Jumapili ile ya mwisho Faruk alimwachia kadi, akamwambia azitunze nyota, watazimaliza pamoja wiki ijayo. Na gari alilokwenda kulitengeneza lilikuwa la jirani yao, kwa sababu Faruk alikuwa hakatai kazi ya mtaa ule.

"Alimaliza, akaenda," alisema Candide. "Nilimwambia abaki kwetu, milio imeanza. Alisema maman yake halali kama yeye hajafika. Alishuka na bonde."

"Halafu?" alisema Kaltum.

"Usiku watu walikuwa wanakimbia njiani. Wanagonga milango yote. Papa alisema mutu asifungue. Tulikuwa na watoto wadogo, mama. Halafu kuko mwenye aligonga portail yetu, lile lango la nje. Na chuma." Alikunja kidole, akagonga sanduku. Ngo. Ngo-ngo.

Kaltum alikaa chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Nilijua ni ye. Njia ya bonde ilikuwa imefungwa, alirudi. Nilipiga kelele, papa akanishika mikono, akaniziba kinywa. Aligonga tena. Halafu kukawa risasi karibu sana. Asubui tulifungua. Kulikuwa damu. Watu wa komini, wa serikali ya mtaa, walishabeba maiti na lori, hata hawakutuambia wanapeleka wapi. Papa alinituma kule Ngozi, kaskazini, kwa shangazi mwaka muzima, nisiseme. Nimerudi juzi. Nilisoma nyuma ya kadi kama wanamufuta. Nilitaka nione jina lake mara moja tena. Basi."

Kaltum alimtazama. Nilidhani atamkumbatia, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa amembeba Faruk moyoni mwaka mzima kama yeye. Badala yake alisema, polepole:

"Mulikuwa na mulango."

"Mama..."

"Mimi niliacha wangu wazi. Yeye aligonga kwenu. Mulikuwa na mulango, mukaushikilia."

Akainuka, akaenda zake. Kibanda kilibaki wazi, na kadi za watu mezani.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Julai iliyopita, nilisikia komeo la Kaltum. Lilikuwa limeshika kutu, alilisukuma kwa nguvu mara kadhaa mpaka likaingia. Nililala macho. Nilimfikiria yule mwalimu wa Kinanira na mkono wake kwenye kinywa cha binti yake. Mimi pia nilikuwa na makomeo mawili na kabati usiku ule, na kama chuma kingegonga kwangu, sijui.

Kesho yake hakufungua. Alijibu kupitia ukuta kwamba yu mzima, kwamba maji anayo. Yahaya aliuliza kuhusu hitima, naye akasema, "Someni, alikufa," kwa sauti kavu kama mtu anayetaja bei. Ikapangwa Ijumaa baada ya sala.

Ijumaa uwanja wetu ulijaa. Mikeka ilitandikwa, misahafu ikagawanywa, wanawake tukapika pilau upande wa nyuma. Tamim alikuja na mchele, akasimama pembeni. Lakini mwenye msiba hakutoka. Sheikh aligonga, akamwombea subira. Yahaya aligonga. Mimi niligonga kwa kiganja, nikamwita dada, nikamwambia watu wamekaa, haiwezekani kumsomea mtoto na mama yake amejifungia.

"Someni tu, Mama Ilias," alisema ndani. "Mi nasikia."

Hapo ndipo wanawake waliokuwa karibu na njia walipogeuka. Candide alikuwa ameingia uwanjani. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, vibaya, kama mtu aliyejifunga peke yake bila wa kumwonyesha. Yahaya alitaka kumzuia, nikamwambia amwache. Alipita kati ya mikeka, akiomba radhi kwa Kirundi kwa kila aliyempita, mpaka kwenye mlango wa kijani.

Aligonga kwa mkono. "Mama. Ni mi."

Mlango haukufunguka.

"Mama, siombi kitu. Kuko kitu yako. Niliiokota kwa portail asubui ile, papa hajui."

Aliegemea mlango kidogo, akatazama vile vitundu kwenye rangi, akavipitishia kidole kimoja kimoja. Kisha akafungua mkoba wake akatoa spana. Niliiona. Ilikuwa imesuguliwa, haina mafuta. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo, nikachelewa.

Ngo. Ngo-ngo.

Kitu kilianguka ndani, kikombe au sahani. Uwanja mzima ulinyamaza, hata waliokuwa wamekwisha kuanza kusoma. Nilisikia miguu mitupu juu ya saruji, mbio, kisha taratibu, kisha ikasimama. Ilisimama muda mrefu nyuma ya mlango, na Candide naye alisimama upande huu, spana imeinuliwa, hathubutu kugonga tena.

Halafu komeo likalia. Liligoma, likasukumwa, likagoma tena, na mlango ukafunguka.